Chumba cha Bibi

Aliyechora vyumba vya hoteli za Florida hana mkwe. Nalisema hilo mapema ili ijulikane ugomvi wangu na Serah ulianzia kwa nani.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, tumekaa sehemu ya vyakula kwenye mall ya Roseville, mimi, Serah na binti yangu Dativa. Makoti tuliyarundika kwenye kiti cha nne, yakakaa pale kama mgeni asiye na maneno. Serah alikuwa ametoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na sare yake ya bluu ilichungulia chini ya sweta. Simu yake ilikuwa katikati ya meza, imejaa mahoteli. Kila alipoinama kuisoma, kitambaa chake cha kichwani kilinikaribia, nami nikawa naangalia kitambaa kuliko hoteli.

Safari yenyewe haikuwa anasa. Marehemu mke wangu Christina alimwahidi mtoto kwamba siku moja watakwenda kwenye ile paki ya michezo ya Florida. Wakubwa wa hospitali nao walimwahidi Christina kwamba atapona. Kati ya ahadi hizo mbili, mimi nilibaki na ile ninayoiweza. Bosi wangu kule kiwandani Fridley, tunakotengeneza fremu za madirisha, alinipa wiki ya likizo, akaninyang'anya, kisha akanirudishia kama anayemchezea mtoto na pipi. Nilipoishika mara ya pili sikutaka kuiachia. Nikamwambia Serah, "Twende sote." Akasema, "Nitaenda." Neno moja tu, lakini nililipeleka nyumbani kwa uangalifu kama trei ya mayai.

Nilimfahamu mbele ya kanisa, siku betri ya gari lake ilipokufa kwa baridi na wanaume wenye digrii zao wakampita wakisema pole. Mimi nilikuwa na nyaya za kuwashia. Toka siku hiyo kila nikimwona nahisi kama kuna mtu ameniwasha.

"Hii iko na swimming pool na mtelezo," Serah alisema. "Aki angalia, Baba Dativa. Watoto wanateremka mpaka ndani ya maji."

"Ni mbali na paki?"

"Basi ya hoteli inakubeba."

"Basi ya hoteli! Mtasimama juani mpaka muive, mkiuliza mnaambiwa meneja yuko mkutanoni."

"Wewe nawe. Hujafika na ushaanza kugombana na meneja."

"Mameneja nawajua."

Akacheka, akanigusa kiwiko. Serah akicheka hufumba jicho moja, kama mtu anayelenga shabaha. Nami ndiye shabaha.

"Na hii? Hii ni noma. Ukiamka asubuhi unafungua pazia, twiga hao hapo nje wanakula."

"Twiga?"

"Twiga."

"Serah, mimi Mtanzania nitoke Minnesota niende Florida kulipia kuona twiga? Nikirudi kwetu niwaambie nini watu?"

"Waambie umeona twiga."

"Baba, please! The giraffes!" Dativa akaruka. Mtoto huyu Kiswahili anakielewa chote, ila kukisema ni kama kumtoa jino.

"Nenda kanunue ule mkate wa chumvi uliokuwa unaulilia," nikamwambia. "Mambo ya twiga ni ya watu wazima."

Akakimbia. Tukabaki wawili. Serah akafungua picha za ndani za hoteli hiyo ya twiga, na hapo ndipo hasira iliponipanda. Vitanda viwili vikubwa vimelazwa ubavu kwa ubavu, kochi la kukunjua miguuni, na mlango mmoja. Eti wanakiita chumba cha familia. Familia ya nani?

Maana asubuhi ile nyumbani kwangu palitolewa tangazo. Mama yake Christina, Ma Ernestine, anaishi nasi toka binti yake alipougua. Alikuja kuuguza, akazika, akabaki kumlea mjukuu. Mimi nililelewa kwamba mama wa mke wako ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Jina lake hulitaji mbele yake. Kochi moja hamkai. Kwa hiyo mimi na yeye tunazungumza kupitia kwa Dativa. Yeye yuko jikoni, mimi sebuleni: "Dativa, mwambie baba yako chakula tayari." "Dativa, mwambie bibi asante." Mtoto anageuza shingo tu, maana sote tumeshasikia. Na asubuhi hiyo ilikuja hivi: "Dativa, mwambie baba yako na mimi nakwenda Florida. Ahadi ni ya mwanangu, nitaisimamia."

Nilitoka nyumbani na habari hiyo mdomoni, nije kumweleza Serah. Nilipomwona tu, na kile kitambaa, ikanitoka kichwani. Nilijihesabu kuwa nimeshasema.

"Hapa hapafai," nikasema. "Bibi atalala wapi?"

Serah aliinua macho taratibu. "Nani?"

"Bibi."

Akainamisha uso. Akaanza kuchezea zipu ya sweta, juu, chini, juu. Mashavu yakamjaa tabasamu ambalo alijaribu kulimeza likakataa.

"Umesema bibi," akanong'ona.

"Sasa nisemeje? Nyumbani ndivyo tunavyosema kila siku."

"Nyumbani? Hata Dativa?"

"Dativa ndiye aliyeanza."

"Mungu wangu." Aliweka kiganja kifuani. Macho yakamlowa, nikadhani ni huruma za kike kwa mama aliyefiwa, nikazidi kumpenda. "Na mimi sikuwa najua. Baba Dativa, kumbe mlikuwa mnaongea hivyo na mimi siko?"

"Mtu anayelea mtoto wangu nisimpe heshima yake?"

Akanishika mkono juu ya meza, mbele za watu. Tukakaa hivyo. Vidole vyake vilikuwa na joto la kikombe cha kahawa. Kama wakubwa wa mall wangezima taa na kutufungia humo hadi Pasaka, nisingelalamika.

"Sasa," akasema kwa sauti ndogo, ya mzaha mtamu, "huyo bibi ungetaka alale wapi?"

"Chumba chake. Yeye na Dativa. Mimi changu, mlango wangu. Ikiwezekana ghorofa nyingine."

"Ghorofa nyingine?" Akafikiri. "Sawa. Kwa sasa ni sawa, kanisa ni kanisa. Lakini mambo yakishakuwa official?"

Sikuelewa mambo gani, lakini sikutaka kuonekana mjinga. "Hata yakiwa official. Kulala chumba kimoja na bibi ni mwiko, Serah. Bora nilale kwenye gari."

Mkono wake ukalegea ndani ya wangu. "Mwiko mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wetu azikwe."

"Na kula?"

"Kila mtu na meza yake."

"Gaudens." Akaliita jina langu, wala si Baba Dativa. "Na Christina mliishi hivyo?"

"Christina ndiye aliyenifundisha! Alikuwa mkali mno kwenye jambo hilo."

"Na huyo bibi akishikwa na ugonjwa usiku?"

"Dativa atapiga simu mapokezi."

Aliuvuta mkono. Uso wake, uliokuwa umefunguka kama dirisha, ukajifunga, na mimi natengeneza madirisha, najua sauti ya komeo. "Kwani bibi ana kazi gani kwako?"

"Kwangu mimi? Hana kazi. Yeye ni wa mtoto. Anamsuka, anamfulia, anamlaza. Bila yeye ningetafuta mtu wa kuajiri."

"Jotham aliniambia," akasema. Jotham ni kaka yake mkubwa. "Aliniambia, Serah, huyo jamaa hatafuti mtu, anatafuta yaya wa bure. Nikamkasirikia siku tatu. Wewe tafuta yaya, Gaudens."

"Yaya? Bibi yupo, yaya wa nini tena?"

Nililisema kwa moyo mweupe kabisa. Serah alisimama, akachomoa koti lake kwenye rundo mpaka mengine yakaanguka. "Sister yangu Seattle alinitafutia kazi. Nimekuwa nikimzungusha juu yako. Kesho Jotham anataka jibu, na nitampa."

"Serah, nimekosea nini? Ni twiga? Kama ni twiga tuchukue hiyohiyo!"

Hakugeuka. Dativa akarudi na mkate wake, akamtazama Serah akishuka ngazi za umeme, akanitazama mimi nimepiga magoti naokota makoti.

"Baba, what did you do?"

Mtoto naye ananiuliza hivyo. Toka lini kosa likawa la mtu wa chini?

*

Nilimpigia, hakupokea. Niliandika ujumbe, nikaufuta, maana tahajia yangu ni ya darasa la saba na nilikuwa na wasiwasi kwamba kaka yake atausoma. Jioni nikakaa sebuleni nimewasha televisheni bila sauti. Jikoni sufuria ikanyamaza.

"Dativa," sauti ya Ma Ernestine ikaja, "muulize baba yako, wamegombana nini na yule binti?"

"Dativa, mwambie bibi ni mambo ya hoteli."

"Dativa, mwambie baba yako mtu halii kwa ajili ya hoteli."

"Mwambie bibi sijalia."

"Mwambie baba yako ukuta huu ni mbao."

Dativa akatupa mikono juu, akaenda zake chumbani. Kwa mara ya kwanza tukabaki bila daraja. Ikanibidi niseme nikielekea televisheni, kama ninayeongea na mtangazaji. Nilieleza kwamba Serah alikuwa na furaha, nikamtaja bibi, akafurahi zaidi, kisha nilipopanga vyumba akauliza maswali, akakasirika, sasa anahamia Seattle. Niliposikia tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hakatai hoteli," alisema, naye nadhani akiambia jiko. "Ananikataa mimi. Nani anataka kwenda kustarehe na mama wa marehemu?"

"Si kweli," nikaiambia televisheni.

"Mimi ni mtu mzima. Na yule binti nimempenda, anamsikiliza mtoto mpaka mwisho wa sentensi. Kesho baada ya misa baba Dativa atawasha gari. Nitakwenda kusema mwenyewe."

*

Jotham ni nesi, ana nyumba yake Oakdale ambamo Serah naye anaishi, na anazungumza na mtu kama anayempima presha. Kabla ya Serah kunifahamu, alikuwa amemwandalia mhasibu mmoja anayeitwa Gilbert, mwenye gari ambalo halijawahi kuhitaji nyaya za mtu. Alitufungulia mlango, akamtazama Ma Ernestine ndani ya koti lake kubwa na kitenge chini yake, heshima ikamshinda hasira.

"Karibu, mama. Karibuni mkae."

"Shemeji, habari za leo," nikasema.

"Sijakuwa shemeji yako."

Ma Ernestine akaketi kochi la dirishani na Dativa. Mimi nikakaa upande wa pili, kiti cha karibu na mlango, kama kawaida ya watu wasiojua watatokaje. Serah hakuonekana, lakini mwisho wa korido mlango mmoja ulikuwa wazi kwa upana wa sikio.

"Ndugu yangu," Jotham alianza, "hatuna shida na wewe ati umefiwa. Hata mambo ya shule, sisi si watu wa kudharau. Lakini Serah alirudi hapa akilia. Alisema ulimwambia huwezi kulala chumba kimoja na bibi. Ulisema ama hukusema?"

"Nilisema."

"Na hauoni haya?"

"Haya ya nini? Kwani wewe unaweza?"

"Naweza nini?"

"Kulala chumba kimoja na bibi!"

"Mimi hulala na bibi yangu kila siku!"

Nikamtazama Ma Ernestine. Alikuwa ameshajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Mwanamume anaropoka hivi mbele ya mtu mzima, Jumapili, Biblia iko juu ya friji.

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku, nisipokuwa zamu ya usiku. Na Mungu ametujalia watoto wawili, wa tatu yuko njiani."

"Yesu na Maria!"

"Ati Yesu na Maria? Natasha! Kuja hapa kwanza, bibi yangu, uone mtu anashangaa watu wakilala pamoja!"

Jikoni akatoka dada mmoja mrembo na chupa ya chai, tumbo limeanza kusukuma aproni. Nilingoja nyuma yake atokee kikongwe mwenye mkongojo. Hakutokea mtu.

"Huyu ndiye bibi?" nikauliza.

"Huyu ndiye bibi."

"Mbona kijana hivi? Babu yako alimwoa lini?"

Jotham akasimama, kiti kikarudi nyuma. "Wacha kutusi bibi yangu ndani ya nyumba yangu!"

Nami nikasimama, sijui kwa kazi gani, maana Jotham ananipita kichwa kizima. Hapo Ma Ernestine akafunua uso, akainuka, akaweka mkono hewani.

"Basi, wanangu! Msigombane. Bibi mwenyewe ni mimi."

Jotham akamgeukia.

"Kama kosa ni bibi kwenda Florida, bibi atabaki. Kama bibi ndiye anayeziba njia katika nyumba ile, bibi atarudi Bukoba, kaburi la mwanangu nitaliaga. Lakini yule binti asihamie mbali kwa ajili yangu."

Jotham alimtazama Ma Ernestine, mvi zake, rozari yake shingoni. Akanitazama mimi. Akamtazama tena.

"Wewe mama ndiwe bibi yake?"

"Ndiye!" nikasema. "Nimesema toka jana!"

"Lakini Serah alituambia huyu ni mama ya marehemu."

"Ndiye huyohuyo!"

Natasha akaweka chupa ya chai chini sakafuni, taratibu sana. "Ati alioa mother-in-law?"

Dativa alikuwa na simu yake muda wote huo. Aliishusha. Alitutazama mmoja mmoja, kama mwalimu anayetazama darasa lililofeli.

"Oh my God," akasema. "She's my grandma. Bibi means grandma!"

Nilisikia friji ikinguruma. Kisha kitu kikalipuka, na kilikuwa ni kicheko cha Natasha. Aliushika ukuta. "Shosho!" akalia. "Jotham, bibi yao ni shosho! Jamaa amekataa kulala na shosho!"

"Na bibi yao," nikasema, maneno yakinijia moja moja kama vipuri kwenye mkanda wa kiwanda, "bibi yao ni mke?"

"Ni mke!" Jotham aliketi kwa kishindo, akafuta macho. "Waah. Na mimi nimekwambia nalala na... mbele ya mama... aki mama, nisamehe."

"Waitu!" Ma Ernestine akashangaa kwa Kihaya. Mabega yake yalianza kutikisika, na kitenge kikarudi usoni, ila safari hii hakikuwa cha aibu. Toka tumzike Christina sikuwahi kuyaona mabega yale yakitikiswa na kitu kingine zaidi ya kilio.

Sisi watu wazima wenye Kiswahili chetu, tukaja kuokolewa na Kiingereza cha mtoto. Namlaumu nani? Nawalaumu wakubwa wa lugha. Wanakaa mikutano, wanakunywa maji ya chupa, wanatuletea maneno mapya ya kompyuta. Hili moja, lenye mke wa mtu na nyanya wa mtu ndani ya kitanda kimoja, wameliacha hivyohivyo mpaka lije livunje nyumba Minnesota.

Mlango wa korido ukafunguka.

Serah alitoka na soksi, macho yamevimba, mkono mdomoni. Sikujua kama analia au anacheka. Pengine hata yeye hakujua.

"Si ungesema nyanya!" akanipigia kelele. "Gaudens, si ungesema tu nyanya!"

"Nyanya? Kwetu nyanya tunaweka kwenye mchuzi! Ningesemaje, nyanya alale na Dativa ghorofa nyingine?"

Natasha akaketi chini kabisa, karibu na chupa yake ya chai.

*

Tulisogea mlangoni, penye rundo la mabuti ya theluji, mahali pekee katika nyumba ile pasipo na mtu wa kutucheka. Serah aliegemea ukuta. Mimi nikasimama mbele yake nimeshika kofia yangu kwa mikono miwili. Kifua changu kilikuwa kimelegea kama boliti iliyopata mafuta baada ya kukaza miaka.

"Kwa hivyo," akasema, "jana pale mall uliponiuliza bibi atalala wapi, hukuwa unaniongelea."

"Hapana."

"Na mimi nikafurahi. Nikashika mkono wako mbele ya watu wote wa Roseville. Unajua nilikuwa nafikiria nini? Nilikuwa nafikiria huyu mwanamume ni mgumu kusema, ameona aseme kwa njia ya vyumba vya hoteli. Nikasema sawa, nitaichukua hivyo." Akageuza uso. "Sasa naona aibu. Kumbe nilijioa peke yangu."

Hapo kidogo nimkosee kwa mara ya pili. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimlaumu aliyechora vyumba. Nikaufunga. Kuna mambo ambayo hakuna mkubwa wa kumwachia.

"Serah, jana ulipotabasamu nikitaja bibi, mimi nilidhani umemfurahia mama. Sikujua tabasamu lile ni langu. Ningelijua, nisingeuachia ule mkono."

Akanigeuzia uso tena.

"Nakuuliza sasa, kwa Kiswahili chenu. Uwe bibi yangu. Ile ya Kikenya."

Jicho moja likaanza kufumba. "Na chumba?"

"Kimoja."

"Na meza?"

"Moja. Ikiwa ndogo, tutakula sahani moja."

"Na nikishikwa na ugonjwa usiku?"

"Sitapiga simu mapokezi."

"Utafanya nini?"

"Nitakaa," nikasema. Kukaa nakujua. Nilikaa na Christina mpaka mwisho. Serah alilijua hilo. Hakuniambia pole. Alinichukua kofia mikononi, akanivalisha kichwani, akaishusha mpaka masikioni, mikono yake ikabaki pale.

"Nitamwambia sister yangu Seattle kwamba kuna baridi nimeizoea," akasema.

Tuliporudi sebuleni hakuna aliyeuliza kitu, kwa sababu wote walikuwa wamesikia. Jotham alinisogezea kiti, karibu na chakula safari hii. "Kaa, shemeji," akasema, akakohoa. "Lakini bado tutaongea. Wazee wetu lazima wapigiwe simu."

"Wapigiwe hata leo," nikajibu.

Natasha akamimina chai, mandazi yakaja. Serah akaiweka simu mezani, zile hoteli zikafunguka palepale tulipoziacha. Ya mtelezo. Ya basi. Ya twiga.

"Dativa," Ma Ernestine akaita kutoka dirishani, "hiyo picha ni ya nini?"

"Giraffes, Bibi. Outside your window."

Akaomba simu. Akaitazama kwa muda mrefu, akiisogeza mbali na macho kisha karibu. "Mimi nimezaliwa Bukoba nimezeekea Bukoba," akasema, "twiga nimemwona kwenye stempu. Dativa, mwambie baba yako tunachukua hii."

Sikubisha. Mtanzania atoke Minnesota aende Florida kulipia twiga, na atalipa akicheka.

"Na vyumba, mum?" Serah akauliza kwa heshima.

"Dativa, mwambie baba yako achukue viwili vyenye mlango kati. Kimoja cha sisi wanawake: bibi wa Kitanzania, bibi wa Kikenya na wewe. Kingine chake peke yake. Ile ya kulala na bibi kila siku kama huyu nesi, aende kwanza akamuulize padri."

Jotham akazama ndani ya kikombe chake. Dativa akanigeukia, andazi mdomoni.

"Baba, did you hear?"

"Mwambie bibi nimesikia," nikasema.

Mabibi wote wawili wakaitika.